Maswali ya Wasomaji: Ardhi Kame ya Dodoma Ikitazamwa kutoka Angani

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji waulize kuhusu kazi ya mwanasayansi wa mazingira anayetumia picha za setilaiti kuchunguza mifumo ikolojia dhaifu, yaani ile inayoharibika upesi na kupona polepole, kama ilivyo sehemu kubwa ya kanda yetu ya kati. Barua zimetoka Chamwino, Kondoa, Manyoni, Mpwapwa na mitaa ya Dodoma mjini. Anayejibu ni mama aliyefanya kazi hiyo kwa muda mrefu katika nyanda kame za Tanzania. Baadhi ya barua tumezifupisha bila kugusa maana yake.

Mama, shikamoo. Wataalamu walikuja kijijini kwetu wakatuonyesha picha ya setilaiti kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, wakasema uoto umeongezeka katika eneo letu la malisho. Mimi nachunga mbuzi hapo hapo kila siku, na nyasi ninazoziona ni chache kuliko zamani. Nani anadanganya, picha au macho yangu? (Mfugaji, Chamwino)

Marahaba, mwanangu. Macho yako yako sawa, na inawezekana kabisa kwamba picha nayo ilikuwa sahihi. Tatizo liko katika namna ilivyosomwa mbele yenu, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu swali hili ndilo moyo wa kazi yangu yote.

Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na wakati huo huo hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho la binadamu haliuoni lakini chombo kilichomo ndani ya setilaiti huupima. Tukichukua tofauti ya mianga hiyo miwili na kuigawa kwa jumla yake, tunapata namba iliyo kati ya hasi moja na chanya moja. Udongo mtupu wa Chamwino hutoa namba ndogo, karibu na 0.1 au 0.2, na msitu mnene hupanda hadi 0.7 na zaidi. Kipimo hicho wataalamu hukiita NDVI, kimetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ndicho kilichotumika, bila shaka, kutengeneza ramani mliyoonyeshwa.

Sasa angalia kipimo hicho kinapima nini hasa: ukijani, basi. Hakijui kama ukijani huo ni wa nyasi anazokula mbuzi wako au wa kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi hukipita. Mahali palipochungwa kupita kiasi, nyasi za kudumu hupotea, vichaka hupata nafasi na maji yaliyokuwa yakinyonywa na nyasi hizo, na baada ya miaka kadhaa picha huonyesha namba iliyopanda ilhali malisho yameshuka. Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalifahamu, nalo ni kwamba rangi ya udongo huingilia kipimo. Udongo ulioloa huwa mweusi zaidi kuliko ulio mkavu, na palipo na uoto haba weusi huo peke yake unaweza kuipandisha namba kabla hata ya majani mapya kukua. Ndiyo maana mwaka 1988 kilitolewa kipimo kingine kinachorekebisha athari ya udongo, na mimi katika maeneo kama yenu huwa sikubali ramani ambayo haikutumia kipimo hicho au kingine cha namna hiyo. Upande wa pili, nyasi zilizokauka mwezi Agosti, ambazo bado zinaukinga udongo usipeperushwe na upepo, karibu hazionekani kwenye kipimo cha ukijani, na mtu asiye mwangalifu huziandika kama ardhi tupu. Ili kuziona inabidi kutumia bendi nyingine, za infraredi ya mawimbi marefu zaidi, ambazo setilaiti za Landsat na Sentinel-2 zinazo.

Juu ya yote hayo kuna mvua. Dodoma hupata wastani wa milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na wastani huo huficha tofauti kubwa kati ya mwaka na mwaka. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa kwetu yalipata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia yakapoa, na Afrika Mashariki ikapata mvua kubwa iliyoendelea hadi mwanzoni mwa 2020. Mtu akilinganisha picha ya mwaka wa ukame na picha ya mwaka 2020, ataona ukijani umeongezeka karibu kila mahali, hata pale ambapo ardhi imechoka kabisa. Hata maji yaliyo chini ya ardhi hapa kwetu hufuata mwendo huo wa kurukaruka: rekodi ya miaka 55 ya visima vya Makutupora, vinavyolinywesha jiji la Dodoma, imeonyesha kwamba maji huongezeka hasa katika misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na katika miaka mingi inayobaki hushuka tu. Kwa hiyo mimi huchukua mfululizo wa miaka ishirini au thelathini, huweka kando sehemu ya ukijani inayoelezwa na mvua, kisha hutazama kilichobaki. Kilichobaki kikiwa kinashuka mwaka hadi mwaka, hapo ardhi inaugua hata kama jicho linaona kijani.

Na bado sijamaliza, kwa sababu lazima niende uwandani. Pikseli moja ya Landsat, yaani kile kipande kidogo kabisa cha picha, ni mraba wa mita 30 kwa 30. Tunaupima mraba huo uwandani kwa vigingi vinne, tunavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, na kila baada ya mita moja tunateremsha fimbo nyembamba ya chuma wima na kuandika kile ncha yake inachogusa kwanza: jani bichi, nyasi kavu, taka za majani, jiwe au udongo mtupu. Kazi hiyo ni ya polepole na jua la Oktoba halina huruma, lakini ndiyo inayotuambia namba ya 0.3 kwenye ramani ni nyasi au ni miiba.

Wataalamu hao wakirudi, waulize picha zao ni za miaka ipi na mvua ya miaka hiyo ilikuwaje, kisha uwaombe mwende pamoja hadi hapo unapochunga. Mtaalamu wa kweli atafurahi kuongozana na mtu anayeijua ile ardhi kwa miguu.

Mtaalamu, habari za kazi. Ninafundisha jiografia sekondari. Wanafunzi wangu huniuliza kama eneo la Kondoa lililokuwa limemong'onyoka lilipona kweli baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979, na kama setilaiti inaweza kuthibitisha. (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, nzuri. Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze kwanza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouzoea kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na katika vilima vya Irangi ulikuta makorongo na mito ya mchanga iliyokuwa imekata mashamba vipande vipande. Matuta na upandaji miti havikutosha, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ilikuwa hatua nzito mno. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini walianza kuruhusiwa miaka kumi hivi baadaye.

Kwa bahati njema setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, kwa hiyo picha zipo za kabla na za baada. Lakini hapo wanafunzi wako wanapaswa kujifunza kuwa waangalifu. Picha za miaka ya 1970 zilikuwa na pikseli za takriban mita 80, na korongo lenye upana wa mita 20 humezwa ndani yake bila kuacha alama. Picha za mita 30 zilianza na Landsat ya nne, iliyorushwa mwaka 1982, na ya tano, iliyorushwa mwaka 1984, wakati mifugo ilikuwa imekwisha kuondoka miaka mitatu hadi mitano. Maana yake ni kwamba kwa picha za setilaiti unaweza kuzungumzia miteremko kwa uhakika, lakini historia ya korongo moja moja utaipata kwenye picha za anga zilizopigwa kwa ndege. Mtafiti anayesahau jambo hilo, akazilinganisha picha za vyombo viwili tofauti kana kwamba ni za kamera moja, atagundua mabadiliko ambayo hayakutokea ardhini. Yalitokea kwenye chombo.

Mwezi wa picha nao una uzito wake. Mimi kwa Kondoa hupenda picha za Agosti na Septemba. Mawingu ni machache, nyasi zimekauka, na kinachobaki kijani ni miti, vichaka na bustani za mabondeni, kwa hiyo naweza kutenganisha miti inayorudi na nyasi za msimu mmoja. Ukichukua picha ya Machi kila kitu ni kijani, na tena mawingu yatakuwa yamekuficha nusu ya eneo.

Jibu la swali lenyewe ni kwamba uoto ulirudi. Picha za anga na kazi za uwandani za watafiti wengi zinakubaliana kwamba baada ya mifugo kuondoka miteremko ilifunikwa tena kwa nyasi, vichaka na miombo, na kwamba mchanga katika baadhi ya mito ulitulia, kingo zikashikwa na mimea, na watu wakapata mahali pa kulima palipokuwa mchanga mtupu. Hii ni moja ya habari njema chache za aina yake katika nchi kame za Afrika, na naitaja kwa furaha kila ninapoalikwa kuzungumza. Pamoja na hayo, udongo wa juu uliokwisha sombwa hauonekani kurudi katika umri wa binadamu mmoja, na korongo lililooteshwa majani bado ni korongo. Vilevile mifugo ile haikuyeyuka. Ilipelekwa mahali pengine, na familia nyingi zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao ndani ya siku chache. Picha iliyokatwa kwenye mpaka wa eneo lililohifadhiwa haiwezi kuonyesha ng'ombe walikokwenda wala kilichotokea huko, na mimi huona ripoti inayotaja ukijani wa Irangi bila kutaja gharama hiyo kuwa ripoti pungufu.

Wanafunzi wako wana bahati kubwa: wana wazee waliokuwapo mwaka 1979, na wanaweza kutazama milima ile ile yenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wape picha mbili, ya 1986 na ya mwaka jana, kisha uwatume kwa wazee wawaambie ni nini kilichokuwa katika kila rangi.

Shikamoo Mama. Nimemaliza kidato cha sita tahasusi ya CBG. Nataka kuwa mwanasayansi wa mazingira anayetumia setilaiti. Nisome nini, na kazi zipo? (Kijana, Dodoma Makulu)

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza. CBG ni msingi mzuri kwa sababu inakupa biolojia na jiografia kwa pamoja. Upungufu wake ni hisabati, na huo usiukimbie: takwimu utaihitaji kila siku. Shahada ya kwanza unaweza kuisoma hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu Ardhi ukielekea zaidi upande wa upimaji na ramani. Jina la shahada lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Ninachotazama kwa kijana anayeomba kujifunza kwangu ni kama anaitambua mimea na udongo, na kama anaweza kuandika programu fupi kwa lugha ya Python au R. Wengi huja na moja ya mambo hayo mawili. Nikilazimishwa kuchagua, namchukua anayeijua mimea, kwa kuwa kompyuta hufundishika kwa miezi na jicho la uwandani huchukua miaka.

Mmezaliwa wakati mzuri. Kabla ya mwaka 2008 picha moja ya Landsat, inayofunika eneo la kilomita 185 kwa 180, iliuzwa kwa takriban dola 600 za Marekani, na kwa mwanafunzi wa hapa nyumbani utafiti wa miaka thelathini ulikuwa ndoto. Mwaka huo Marekani ilifungua ghala lote bure. Kuanzia 2015 Ulaya ikaongeza setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10 na kurudi mahali pale pale kila baada ya siku tano zikiwa mbili, nazo ni bure. Zipo pia za rada, Sentinel-1, zinazopenya mawingu na kufanya kazi usiku. Hizo ndizo tunazozitegemea kufuatilia maji ya kinamasi cha Bahi wakati wa masika, mto Bubu unapojaa na anga limefunga. Programu ya ramani ya QGIS nayo hailipiwi.

Kuhusu ajira nitakueleza wazi. Zipo katika vyuo, katika Wakala wa Huduma za Misitu, katika taasisi za utafiti wa wanyamapori, katika mashirika na katika kampuni za ushauri, lakini nyingi ni za mkataba wa mradi, na mradi ukiisha mkataba huisha. Jiandae kwa miaka kadhaa ya kuhama kutoka mkataba hadi mkataba kabla ya kutulia. Na ujue kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuondoa mawingu, moshi na vivuli kwenye picha, ukiwa umekaa kitini, kabla hujafikia hata swali lako. Anayeipenda kazi hii huvumilia hayo kwa sababu anajua swali linalomsubiri mbele.

Dada, hujambo? Binti yangu anataka kuifuata kazi hii na baba yake anahofia porini. Je, inamfaa mwanamke? (Mama, Mpwapwa)

Sijambo, dada yangu. Inamfaa. Nimefanya kazi na mabinti waliopima miraba wakiwa wajawazito, na wengine waliowashinda kaka zao kwa kutembea. Hofu ya baba yake nimeielewa, na iheshimiwe kwa utaratibu badala ya maneno: timu isiende uwandani bila kujitambulisha kwa mtendaji wa kijiji, asiende mtu peke yake, malazi yapangwe mapema, na msimamizi awe mtu anayefahamika. Chuo au taasisi isiyoweza kueleza utaratibu wake wa uwandani, mzazi ana haki ya kuikataa. Tena wanawake kwa wanawake huzungumza kwa urahisi, na habari nyingi za kuni, maji na mboga za porini nimezipata jikoni, ambako mwanaume mgeni asingekaribishwa.

Mtaalamu, hapa kwetu tuna vichaka visivyo na mbao wala matunda ya kuuza. Tukitaka kuvifyeka tulime, tunaambiwa ni mali ya dunia. Kuna nini humo? (Mkulima, Manyoni)

Ndugu yangu, unaishi kando ya kitu adimu sana. Vichaka vya Itigi ni uoto wa vijiti vilivyosongamana, vyenye urefu wa mita tatu hadi tano hivi, usiopitika bila panga, na duniani kote hupatikana katikati ya Tanzania na huko kusini-magharibi karibu na maziwa ya kaskazini mwa Zambia, basi. Ukivifyeka na moto ukapita mara kadhaa, haviponi kama miombo inavyopona kwa kuchipua. Mahali pake huja nyasi na miti iliyotawanyika, uoto wa kawaida unaopatikana popote. Huo ndio udhaifu tunaouzungumzia tunapoita mfumo ikolojia kuwa dhaifu. Kwa nje unaonekana mgumu, umesongamana na umestahimili ukame wa karne nyingi, lakini hauna namna ya kurudi ukishavunjwa.

Kwa setilaiti ni uoto mgumu kuuchora. Katika kiangazi hudondosha majani, na picha moja ya Julai inaweza kuuchanganya na miombo iliyopukutika au hata na shamba lililopumzishwa. Tunachofanya ni kupanga picha za mwaka mzima na kufuatilia mwendo wa kila kipande cha ardhi. Miombo mingi huchipua majani yake mapya, mekundumekundu, kabla mvua hazijaanza, na shamba huwa kijani kwa ghafla baada ya kupanda na hurudi kuwa tupu baada ya mavuno. Ukishaiona mienendo hiyo, kichaka hujitenga chenyewe. Kwa njia hiyo tunaweza kuona vipande vilivyobaki vinavyozidi kukatika, na kipande kikishakuwa kidogo sana hukaushwa na upepo na moto kutoka kila upande.

Sitakuambia uache kulima, kwa kuwa una watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba ardhi ya mchanga iliyo chini ya vichaka hivyo mara nyingi huchoka upesi, na kabla kijiji hakijafyeka kipande kipya ni vizuri mkaomba ramani ya mashamba yaliyokwisha kuachwa. Wengi hushangaa ukubwa wake.

Mwanangu, hujambo? Mimi ni mzee, nimewaona wataalamu wengi. Kila wakija na ramani, baadaye huja watu wa kutuondoa. Hizo picha zenu si ndizo zinazotuuza? (Mzee, wilaya ya Kondoa)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelipokea kwa uzito wote, na sitalijibu kwa kukutuliza.

Kwanza, picha tunazotumia zaidi, za mita 30 na za mita 10, haziwezi kumwona mtu, mbuzi, wala kutambua nyumba ni ya nani. Zipo nyingine za kulipia zenye pikseli ndogo kuliko mita moja, na hizo huonyesha paa, zizi na njia. Kuna pia ndege nyuki, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, zinazorushwa na mtu aliye hapo hapo kijijini, na hizo huona hata zaidi. Mnayo haki ya kumuuliza anayezirusha ana kibali gani na picha zinakwenda wapi.

Pili, ramani inayosema eneo limeharibika inaweza kutumika vibaya, na imewahi kutumika hivyo katika nchi nyingi. Wafugaji wanaohama kufuata mvua wamelaumiwa mara nyingi kwa uharibifu ambao ulikuwa ni ukame wa miaka miwili uliosomwa na mtu asiyetazama mvua. Ndiyo sababu nimekazania mvua katika jibu la kwanza hapo juu. Kosa katika kusoma picha lina mtu anayelilipia, na mtu huyo mara nyingi hana hata nakala ya ramani iliyomhukumu.

Tatu, sheria inawapa nguvu ambayo vijiji vingi havijaitumia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mtafiti akija, mwambieni matokeo yaletwe mbele ya mkutano huo kwa Kiswahili, ramani ibaki ofisini, na maelezo yenu kuhusu miaka ya ukame na miaka ya neema yaandikwe pamoja na namba zake. Mimi siku hizi siandiki neno "uharibifu" kwenye ramani yoyote kabla ya kuipeleka kwa waliomo ndani yake, na wanafunzi wangu nimewawekea sharti hilo hilo. Mara kadhaa wazee wameniambia kwamba eneo lililoonekana tupu kwenye picha ni kiwanja cha kunyweshea mifugo kilichokuwa hivyo tangu enzi za babu zao, na ramani ikabadilika hapo hapo.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, sina kompyuta ila simu ya kaka yangu. Naweza kuanza na nini? (Mwanafunzi, Kibaigwa)

Marahaba, mwanangu. Anza na kile ambacho setilaiti haina. Chagua mahali pamoja nje ya kijiji, penye uoto wa asili na si mbali na nyumbani, upige kigingi, na kila mwezi ukiwa na simu ya kaka usimame kwenye kigingi hicho upige picha upande wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Pima mvua kwa chombo cha pande zilizonyooka na rula, kila asubuhi saa tatu, na uandike hata siku ya sifuri. Jifunze majina ya miti na nyasi zinazoonekana kwenye picha zako, kwa jina la kienyeji kutoka kwa bibi yako na kwa jina la kisayansi kutoka kwa mwalimu wa biolojia. Siku utakapopata kompyuta ya shule, fungua tovuti ya bure ya picha za Sentinel-2, utafute kigingi chako, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Watafiti wengi wa nyanda kame hawana rekodi ya namna hiyo hata ya mwaka mmoja, na ukiikamilisha iandikie ofisi ya gazeti hili, nitaisoma mwenyewe. Tafadhali usisahau kuandika kwenye kila picha tarehe, saa na upande uliokuwa umeelekea.